Mpangaji Anayetafuna Udongo

Mpangaji wetu, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Kathmandu, anachimba handaki kwenye shamba letu la ulezi, akitafuta mahali ardhi ilipopasuka kwa tetemeko la kale. Kila tabaka la udongo lazima alionje: hutia kidogo mdomoni, akatafuna, akafumba macho kama mtu aliyepewa achari. Ugali wa mama, lakini, anaulalamikia kwamba una mchanga. Jana alitoka handakini bila ile hotuba yake ya kila siku. Akahesabu hatua kutoka handakini hadi jikoni kwetu, akifuata uelekeo wa ufa, akaandika, kisha akabeba godoro lake hadi zizi la nyati wetu wa maziwa, ng'ambo ya shamba.

“Vipi, daktari, nyumba imekushinda?” mama akamuuliza.

“Joto tu, mama.”

Mama akawatazama nyati, waliofunikwa magunia kwa baridi, akaanza kutoa masufuria nje.