Kipimo Kilichopungua

Wanawake wanene wa mtaa ule walikuwa na fundi wao wa nguo, naye alikuwa mnene kama wao. Walimwita Mama Shibe, na yeye aliitika, maana jina la utani ukilikataa ndiyo kwanza linanata. Katika kibanda chake, futi ilikuwa ya kupimia watoto na wembamba. Mteja mwenye mwili kama wake hakuzungushiwa futi kiunoni na kutangaziwa namba mbele za watu. Mama Shibe alimtazama tu, akasema, "Wewe ni mimi, tuongeze kidogo mkononi," kisha akajipimia kitambaa mwilini mwake mwenyewe na kukata. Gauni lilikaa. Adabu ya namna hiyo huipati kwenye maduka makubwa.

Lakini unene wake wa miaka ya karibuni haukuwa wa shibe. Alidonoa chakula kama kifaranga na bado nguo zilimbana. Jua likiwaka, yeye yumo ndani ya sweta. Nywele zilibaki kwenye kitana, sauti ikakwaruza, akawa anasinzia juu ya cherehani. Na kila mwenye mdomo alikuwa na tiba: acha sukari, acha uvivu. Uvivu! Mtu anashona tangu asubuhi mpaka macho yanamwuma, halafu aambiwe mvivu na watu wanaoshinda vibarazani.

Mwishowe mumewe, fundi bomba, alimburura hospitali. Damu ilipopimwa, daktari akamwambia tezi yake ya shingoni ilikuwa inazembea, ndiyo maana mwili mzima ulikwenda kwa kujikokota.

"Kumbe mvivu ni tezi," akasema Mama Shibe, "si mimi?"

"Si wewe, mama."

Alilia palepale, kama mtu aliyefutiwa kesi.

Akapewa kidonge cha kumeza kila asubuhi kwa maji matupu, chai isubiri. Akaonywa pia asitegemee miujiza: dawa ingemwondolea kilo chache, nyingi zikiwa maji, zilizobaki zilihitaji miguu na sahani yake. Basi nguvu ziliporudi akaanza kwenda kazini kwa njia ya mzunguko, akapunguza anachopakua. Uzito ulishuka kwa kusitasita, mara nyingine ukagoma kabisa. Chini ya magauni yake mapana hakuna aliyeona, na yeye hakumwambia mtu ila mumewe. Aliona haya. Angewaambiaje wateja wake kwamba anawahama? Na angemwambiaje Mwalimu, shoga yake tangu utotoni, aliyezoea kusema wao wawili ni pipa na mfuniko?

Mwalimu huyo alikuwa anastaafu. Alileta kitambaa cha buluu cha gauni la sherehe ya kuagwa shuleni, na Mama Shibe akakata kama alivyokata siku zote, kwa mwili wake. Mkono ukizoea kazi, hauulizi.

Mwalimu akaja kulijaribu siku moja kabla ya sherehe. Zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo, ikagoma. Akavuta pumzi, ikagoma. Akajitazama kwenye kioo, uso ukamshuka.

"Shoga, nimenenepa hivi?" akauliza taratibu. "Kesho nisimame mbele ya wanafunzi wangu nikiwa hivi?"

Mama Shibe alitazama kioo naye, akaona miili miwili pale ambapo siku zote aliona mmoja. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Angesingizia kitambaa kuwa kimerudi, akaachia mishono, yakaisha. Lakini Mwalimu angeondoka akiuchukia mwili ambao haukumkosea kitu, na chuki hiyo yeye aliijua ladha yake.

"Hujanenepa," akasema. "Mimi ndiye niliyepungua. Nimekukatia kwa mwili ambao sinao tena."

Akamweleza yote: tezi, kidonge, njia ya mzunguko. Mwalimu alimsikiliza, gauni limefunguka mgongoni.

"Umeumwa muda wote huo, na mimi nakuja kila wiki kukupigia soga? Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaona nimekuacha peke yako."

"Si umeniacha kweli!" Mwalimu akasema, na sauti ikamkatika.

Mama Shibe akapiga magoti nyuma yake, akaanza kufumua mshono wa ubavuni. Ndani alikuwa ameacha kitambaa cha kutosha. Kisha mkono wa Mwalimu ukashuka begani kwake, ukabonyeza, ukakuta mfupa.

"Ile baridi imeisha?"

"Imeisha."

"Na kusinzia?"

"Kumeisha, mwenzangu."

"Afadhali." Mwalimu akafuta macho. "Lakini ukipungua tena, uniage."