Penseli Kwenye Shingo ya Gita

Siku uvumilivu uliponiishia, mwanangu, niliweka gita chini katikati ya darasa nikamwambia mwalimu amenidanganya. Mimi si mzee, bado nakunyonyesha, lakini nakuandikia sasa kabla hasira haijapoa.

Tulikuwa wanawake sita wa Karagita, wote wakata maua kwenye mashamba ya waridi. Ukumbi tuliojifunzia gita ulikuwa na bango mlangoni, "Gita kwa Wote." Mwalimu alitufundisha blues kwa key ya A peke yake, yaani ufunguo mmoja wa sauti: kordi A, D, E, halafu unarudi. Mwimbaji akitaka key nyingine, alisema, funga penseli juu ya nyuzi, kwenye shingo ya gita, kwa zile raba za kufungia waridi, sauti itahama. Nikaamini. Nikajiona fundi.

Jumamosi moja bendi ya Kikopey, kule kwa wachoma nyama, ikanijaribu. Nikikubalika, naaga maua. Mwimbaji wao, Wairimu, alikuwa na mafua. "Mama Taji, shuka G," akaninong'onezea. Sasa penseli, mwanangu, inapandisha tu, haishushi. Kwa woga nikaisogeza hivyo hivyo. Gita ikapanda, Wairimu akakohoa ndani ya maikrofoni, na mchoma nyama mmoja akapaaza sauti: "Mathe, hiyo gita inaumwa tumbo?" Watu wakacheka. Kiongozi wa bendi hakunigombeza. Alinishukuru, akamwita mwingine.

Jumatatu nikamuuliza mwalimu mbona wanaume, chumba cha pili, wanafundishwa key zote. Akatabasamu. "Mama Taji, nyinyi wenye vidole vya shamba, A inawatosha. Si mnaimbia watoto tu?" Hapo ndipo gita ikaenda chini.

Basi sikia. Usikariri majina ya kordi, kariri nafasi zake. Hesabu herufi, A hadi G kisha unarudi A: A ni moja, D ni nne, E ni tano. Ukishuka G, basi G ndiyo moja, C nne, D tano. Mzunguko ni ule ule. Hayo niliyapata kwa kusikiliza kupitia ukuta wa chumba cha wanaume, na nafasi ya Kikopey haijarudi. Mtu akikupa njia ya mkato na mwenzako anamfundisha njia nzima, muulize siku hiyo hiyo. Mungu akupe vidole vyepesi na mdomo usioogopa.

Barua niliyopeleka kwa kamati ya ukumbi, nikasimama hapo mpaka nakala yangu ikapigwa mhuri, inasema hivi:

"Nalalamika kwamba wanawake tunafundishwa key moja na wanaume zote. Naomba tufundishwe sawa. Kama hamwezi, futeni neno 'Wote' mlangoni."