Mkono wa Mama Mkwe

Mke wangu, mama yake na mimi tulitoka Suna, tukapanda boti huko Sindo, kando ya ziwa, kwenda kuogelea kisiwani. Kwa desturi yetu sisi Wakuria, mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata kwa salamu, kwa hiyo njia nzima nilikaa mbali naye. Ufukweni aliingia majini na gauni lake, wimbi likamwangusha. Mke wangu alikuwa mbali, akipanda miamba. Nilisita kidogo, nikiogopa mwiko, kisha nikamkimbilia na kumshika mkono. Alisimama akikohoa. Nikangoja anikemee.

"Nishike vizuri, mwanangu," akasema akicheka, "hatujafika mchangani."

Nikashusha pumzi. Tukatoka polepole, na mke wangu akatuona tumeshikana mikono, akaduwaa.