Siku Fidla ya Pili Ilipokaa Kimya

Mwanangu, siku ile ya bandari ya Antsahampano, kule Bukini, naikumbuka mpaka leo, ingawa sina hakika kama nakumbuka yote sawasawa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa wanne kutoka Mahajanga: Ravo akipiga fidla ya kwanza, mimi ya pili, Zafy viola, iliyo kubwa kidogo, na selo, ile kubwa ya kusimamishwa chini, mzee na mwalimu wetu Fundi Abudu wa mtaa wa Mahabibo. Tulijipa kazi ya kupiga vipande vyote ambavyo mtunzi mmoja wa zamani wa Ulaya aliviandikia vyombo hivyo vinne. Tulivipiga kwetu jioni nyingi. Kilibaki kimoja tu, cha mwisho, tukipige kisiwani Nosy Be.

Nami nilitaka kurudi nyumbani. Watu walimpongeza Ravo, na kwa haki alistahili. Tena kila mara alinivuta mbele nipongezwe naye. Lakini sehemu yangu ilikuwa noti zilezile, chinichini, nikaona niwepo nisiwepo ni mamoja. Pale bandarini, tukingoja maji yajae boti liondoke, nikawaambia wavuke bila mimi.

Zafy akasema kwa Kimalagasi nisisumbuliwe, ataazima mbuzi wa abiria mmoja amkalishe kwenye kiti changu. Tukacheka, hata mimi. Fundi hakucheka. Mazoezini alikuwa na desturi ya kumnyamazisha mmoja, watatu wapige bila yeye. Mimi hakuwahi kuninyamazisha, nikidhani ni kwa kuwa hakuna kitakachopungua. Akatoa selo, akaketi juu ya gunia, akaniambia kwa Kikomori chetu, "Leo zamu yako. Kaa usikilize."

Wakaanza sehemu ya polepole. Fidla ya Ravo ikapanda, ikabaki juu peke yake, kama mtu anayeongea bila wa kumwitikia. Ravo mwenyewe akashusha upinde.

"Siwezi," akasema. "Sijui nisimame wapi."

Fundi akanitazama. "Umesikia? Hapo ndipo unapokaa wewe."

Maji yalipojaa, nikapanda. Nosy Be tulimaliza vyote. Fundi na Zafy wametangulia mbele ya haki sasa, na ile sehemu ya polepole hunijia nikiosha sahani.

Basi, mwanangu, usipime nafasi yako kwa makofi. Kabla hujawaacha watu wako, nyamaza kwanza uwasikilize bila wewe. Huenda ukakuta hakuna pengo, siwezi kukuahidi; hapo nenda kwa amani. Ukilisikia pengo, rudi ukae. Mungu akupe watu wa kukungoja, akupe na sikio la kuwasikia. Amina.