Timu Iliyoanzia Kwenye Netiboli

Chuo chetu kilipoandaa sherehe ya timu ya kikapu ya wanaume, nilialikwa kama mchezaji wa zamani. Nikafunga duka langu la Chapwa, pale Tunduma, nikapanda gari kwenda Mbozi. Mimi si mtu wa sherehe. Nilikwenda kusikia kama watamtaja mwalimu wetu wa kwanza, basi.

Alikuwa mwanamke, tena mwalimu wa netiboli ya wasichana. Sisi tulikuwa na mpira mmoja na magoli ya mabomba, kocha hatuna. Tukamwomba. Akasema, "Kikapu sikijui. Ila kurusha na kudaka najua." Uwanja ulikuwa udongo mwekundu, na mvua za Mbozi si za kuhadithiwa. Ukidunda mpira kwenye tope, unakaa hapohapo. Kwa hiyo akatukataza kudunda. Mpira ni kama hindi lililotoka motoni, alisema, hukai nalo mkononi. Ukichelewa kutoa pasi alikupigia kelele: "Unaungua!" Ukirudia, unatoka nje.

Tulitaniwa, we acha tu. Timu za mjini zilituita dada zao. "Sketi mmeziacha wapi?" Lakini walipokuja kwetu masika, wakadunda, mpira ukanasa, sisi tukapeana mikononi mpaka golini. Wapi! Waliondoka viatu vimejaa tope. Kwao kwenye saruji walitufunga vibaya, siwezi kusema uongo.

Baadaye chuo kikamwaga saruji na kuajiri kocha mwenye vyeti. Mwalimu akarudi kwa wasichana wake, na alipostaafu akaenda kulima kwao Mbebe, kule Ileje.

Siku ya sherehe alikuwepo, maana mimi ndiye niliyemwita. Alivaa kitenge kipya, tukakaa safu ya nyuma. Msemaji akasimama kusoma historia ya timu. Ilianza na saruji. Kocha wa kwanza, yule wa vyeti. Watu wakapiga makofi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Nikainuka niseme, mwalimu akanivuta shati.

"Kaa, mwanangu. Nimekuja kuangalia mpira."

Mechi ikaanza, vijana wa chuo na wageni wao. Karibu na mwisho nahodha wetu aling'ang'ania mpira, wapinzani wamembana, naye anadunda tu. Nikasikia kiti kinasogea. Mwalimu alikuwa amesimama, na magoti yake yale mabovu.

"Unaungua!"

Kijana akatoa pasi papo hapo, hata hakugeuka. Mwenzake akadaka chini ya goli, akafunga.

Mchezo ulipoisha nahodha alikuja mpaka safu yetu, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, Mama. Samahani, ni wewe uliyepiga kelele?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Hilo neno ni la timu yetu. Tunafundishwa na kaka zetu tuliowakuta hapa, na wao walifundishwa na waliowatangulia. Wewe umelijulia wapi?"

Mwalimu akajifunika uso na kitenge. Nilidhani analia, kumbe anacheka mpaka mabega yanatikisika. Aliyelia ni mimi. Nilipojifuta nikamvutia yule kijana kiti, nikamwambia akae, nikaanza kumweleza tangu enzi za tope.