Ukuta Aliousiriba Mama

Mama aliupenda mchanga wa marudio kuliko udongo wowote. Marudio ni mabaki ya karasha: mawe yakishasagwa na dhahabu ikishakamatwa kwa zebaki, kinachobaki ni tope laini la kijivu, na enzi zile kule Magamba lilikuwa limelundikwa tu, anayetaka achote. Wengine walisawazishia nyua zao. Mama alisiribia nyumba. Alilichanganya na udongo wa kichuguu, akalipaka sebuleni kwa viganja, kisha akapitisha vidole vinne kabla halijakauka, mpaka ukuta mzima ukajaa mistari iliyojikunja. Majirani walikuja kuomba awafundishe. Aliwafundisha, ila kwa maringo.

Sasa mama hayupo, na mimi nimeolewa Kawajense, kwenye nyumba ya tofali za saruji, kuta nyeupe zisizonukia chochote. Nikienda kwa baba, hata kabla ya kusalimia vizuri, naweka vidole vyangu kwenye mistari ile. Vinaingia sawasawa. Namkumbuka mama mpaka nakosa raha, na pale ndipo nilipokuwa nampata.

Mwaka huu mke wa mdogo wangu, anayeishi na mumewe kwa baba, alipata mimba. Siku moja nikakuta karibu na dirisha mistari imeliwa, utadhani panya wamepita. Nikawaka.

"Nani kachimba hapa?"

Wifi yangu alicheka huku ameziba mdomo. "Nisamehe wifi, mimba ndiyo inanituma. Udongo wa sokoni haunogi. Huu ukiulowesha unanukia mvua."

Najua mimba ikitaka udongo imetaka, hata mimi nilikula. Lakini siyo ukuta wa mama jamani. Nilimsema vibaya, tukanuniana hadi siku nilipomsindikiza kliniki. Muuguzi akamuuliza kama anakula udongo, naye bila kuficha akaeleza habari za ukuta na marudio. Muuguzi aliacha kuandika. Alisema mabaki ya karasha hubaki na zebaki, na zebaki humfikia mtoto tumboni ikamharibu ubongo. Aache leo hii.

Njiani hasira yangu haikujua imwangukie nani. Mama hakujua. Sote hatukujua, tulilala na kula humo miaka yote.

Bwana afya wa kata alikuja akauangalia ukuta, akasema siribo lote libanduliwe: liloweshwe kwanza vumbi lisiruke, kisha lifukiwe mbali na kisima na bustani. Baba alikataa katakata.

"Humu ndani mama yenu hana hata picha ya maana," alisema. "Na huu nao nyie mnataka kuuondoa?"

Alisema atapiga saruji juu yake, yaishe. Mungu anajua nilitamani kumuunga mkono. Lakini wifi, ambaye huwa hambishii mkwewe hata kwa jambo dogo, alipiga magoti mbele yake.

"Baba, saruji nitaitoboa. Ukuta ukiwepo nitaula tu. Nikibaki peke yangu siwezi kujizuia."

Baba aliangalia lile tumbo, akatoka nje.

Jumamosi tulimhamishia wifi kwangu. Baba akajifunga kitambaa puani, akaanza kuumwagia ukuta maji kwa kopo. Harufu ikapanda, ileile ya asubuhi za kusiriba, mama ana tope la kijivu hadi kwenye viwiko, anatufukuza tusikanyage. Nililia bila kujificha. Nilimtaka mama yangu kama mtoto mdogo anavyomtaka. Mdogo wangu akashika koleo, baba akamnyang'anya.

"Tuvumilie, mama watoto," aliuambia ukuta. "Ni kwa ajili ya mjukuu wako."

Akaanza kubandua yeye mwenyewe, kuanzia kule juu, mahali ambapo mama alikuwa hafiki mpaka baba amshikie kigoda.