Kiti cha Mji Wetu Kwenye Baraza la Mipango

Merritt Osgood alihamia mjini kwetu, katika jimbo la Vermont, Marekani, miaka thelathini na moja iliyopita, na mpaka juzi tulimwita mgeni. Mimi nilimwita hivyo mbele ya uso wake. Alikuwa mpima ardhi; alipostaafu akawa anasoma sheria za jimbo kama wengine wasomavyo gazeti.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini kiti chetu kwenye baraza la mipango la mkoa nilikikalia miaka ishirini na miwili. Kisha jimbo likatunga sheria mpya: kila mji kura moja, na mjumbe wa akiba wa kumwakilisha mwenye kiti kwa sahihi yake; na baraza lisilopitisha ramani yake ya maendeleo kabla ya Machi kwisha linakosa fedha. Ramani ile ndiyo ingetuletea bomba la maji, maana visima vya mtaa wa chini vilikwishaharibika. Akiba yangu akawa Merritt.

Siku ya kura, Machi mwaka jana, mchana, maji ya miti ya sukari yakaanza kutiririka. Huchemshwa siku hiyohiyo karaini mpaka yawe sukari, na ukiliacha karai motoni, linaungua. Merritt akaja bandani ninapochemshia.

"Bi Leota, nikuwakilishe? Tia sahihi hapa tu."

"Wewe? Hata mti wa sukari huujui, ukatusemee?"

"Basi nilinde karai, uende wewe."

"Uniunguzie? Nenda zako kwako, baba. Nitafika."

Sikufika. Walihitajika wajumbe kumi na wawili ili kura ipigwe. Walikuja kumi na mmoja. Ramani ikakwama.

Merritt hakumwambia mtu. Machi hii, kwenye mkutano wa mji, tukila maharage ya kuoka, Lorraine wa mtaa wa chini akasimama.

"Mwaka mzima nabeba ndoo. Huyu mgeni wetu si ndiye akiba? Alikuwa wapi?"

"Anasoma sheria!" mtu akadakia, ukumbi ukacheka.

Merritt akainamia sahani yake. Nikasimama.

"Alikuja. Mimi nilimfukuza."

"Kwa ajili ya sukari, Leota?" Lorraine akauliza.

"Kwa ajili ya kiburi. Sukari nimeisingizia."

Nikapendekeza kiti apewe Merritt, wakaitikia ndiyo.

Kura nyingine ni wiki ijayo. Atakwenda yeye. Lorraine bado hupita mlangoni pa banda langu na ndoo zake, nami najifanya natazama karai.